Kwa nini Uganda inailipa Kongo fidia, na bado majeshi yake yako Kongo

Kila inapotajwa fidia ya dola milioni 325 ambayo Uganda iliamriwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuilipa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maswali huwa yale yale, iwe ni kwenye vipindi vya redio ambavyo wasikilizaji hupiga simu, iwe ni kwenye steji ya boda pale Kasese au kwenye foleni ya malori Mpondwe. Kama tulihukumiwa kwa kuingia Kongo, mbona wanajeshi wetu wamerudi kule tangu mwaka 2021 na hakuna anayetushtaki? Kama kuwafuata waasi wa ADF, wanaoishambulia Uganda kutoka misitu ya Kongo, ni kosa, tulitakiwa tukae tu tukiuawa? Marekani iliingia Iraq, mbona hailipi? Na Nyerere je, aliyemfuata Amin hadi Kampala, naye alivunja sheria?

Ni maswali ya haki, na mengi yana majibu. Nionavyo, mkanganyiko unatokana na jambo moja: sisi tunaupima uvamizi kwa uzito wa sababu, ilhali sheria ya kimataifa inaupima kwa vipimo vingine kabisa. Nchi inaweza kuwa na sababu ambayo kila mwenye moyo angeielewa, ikashindwa mahakamani. Nyingine inaweza kuwa na sababu ya kawaida tu, ikaingia na kutoka bila kosa.

Tuanze na maana. Uvamizi, kama ninavyolitumia neno hapa, ni nchi kuingiza majeshi yake ndani ya mipaka ya nchi nyingine bila idhini ya serikali ya huko. Wanasheria hupenda kusema matumizi ya nguvu, na hilo ni pana zaidi. Linabeba pia kurusha mabomu kutoka angani, kuifunga bandari ya mwenzako kwa manowari, na hata kuwapa silaha waasi wanaomsumbua jirani. Sheria mama ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa, uliosainiwa San Francisco Juni 1945 na kuanza kutumika Oktoba 24 mwaka huo. Ibara yake ya 2(4) inazikataza nchi wanachama kutumia nguvu, au kutishia kuitumia, dhidi ya mipaka ya nchi nyingine au uhuru wake wa kujitawala. Uganda iliukubali mkataba huo ilipojiunga na Umoja wa Mataifa Oktoba 1962, wiki chache tu baada ya uhuru.

Tusilione katazo hilo kama jambo la kawaida lililokuwepo siku zote. Kanali Henry Colvile alipoivamia Bunyoro mwishoni mwa mwaka 1893 kumwandama Omukama Kabalega, na sehemu za ardhi ya ufalme huo zikaishia kupewa Buganda, hakukuwa na sheria yoyote kati ya mataifa makubwa ya wakati ule iliyosema kuteka nchi ya watu ni kosa. Ushindi ulikuwa hati ya kumiliki. Mwaka 1928 mataifa kadhaa yalisaini mkataba wa kuachana na vita kama njia ya kumaliza migogoro, lakini haukuizuia vita kuu ya pili. Baada ya vita hiyo ndipo katazo likawekwa wazi, na likawekewa milango michache ya kutokea.

Milango hiyo ni rahisi kuielewa ukiishi kijijini. Tuseme vijana wanatokea upande wa boma la jirani, wanakuvamia usiku na kukuibia. Wakiwa mlangoni pako una haki ya kuwapiga na kuwafukuza. Jirani akikuambia, "Ingia, ndugu yangu, tuwatafute pamoja," unaingia. Mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji, na kamati yake wakiamua boma lile lisakwe, linasakwa. Ila huwezi kuamua peke yako kuhamia kwa jirani, ukalala humo miaka mitano, ukavuna kahawa yake, kisha ukasema ulikuwa unatafuta wezi.

Mlango wa kwanza, basi, ni kujilinda, nao uko Ibara ya 51. Nchi iliyoshambuliwa kwa silaha ina haki ya kujibu, peke yake au ikisaidiwa na marafiki, mpaka Baraza la Usalama lichukue hatua. Haki hiyo ina masharti. Lazima shambulio liwepo, au kwa maoni ya wanasheria wengi liwe limekaribia kiasi kwamba hakuna muda wa kufanya lingine. Nguvu inayotumika ilingane na hatari inayozuiwa. Na Baraza la Usalama liarifiwe mara moja. Mlango wa pili ni ruhusa ya Baraza la Usalama lenyewe, chini ya Sura ya Saba ya mkataba. Mlango wa tatu ni ridhaa ya mwenye nchi, na kwa kweli ridhaa inaondoa neno uvamizi kabisa, kwa sababu aliyekaribishwa hakuvamia.

Hayo ndiyo yote. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, lilipoandika maana ya uchokozi mwaka 1974 katika azimio namba 3314, lilisema hakuna hoja ya aina yoyote, ya kisiasa, kiuchumi, kijeshi au nyingine, inayoweza kuhalalisha uchokozi.

Sasa turudi Kongo, kwa sababu kesi yetu inafundishwa katika vyuo vya sheria duniani kote, na sisi wenyewe tunaijua kwa juujuu tu.

Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila aliingia Kinshasa akisaidiwa na Rwanda na Uganda. Kwa kuwa serikali yake mpya haikuwa na uwezo wa kulinda mashariki, aliiruhusu Uganda kuweka wanajeshi upande wa pili wa Rwenzori kuwasaka ADF, na Aprili 27, 1998 nchi mbili zikasaini itifaki ya usalama wa mpakani. Hadi hapo hakuna kosa, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague ilisema hivyo. Waasi nao walikuwa wa kweli. Juni 8, 1998 walivamia chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakawachoma moto makumi ya wanafunzi ndani ya mabweni. Familia za Kabarole bado zinalijua jeraha hilo. Anayesema Uganda haikuwa na sababu hajui historia yetu.

Kilichobadilika ni ridhaa. Mwishoni mwa Julai 1998 Kabila aligombana na waliomsaidia, akatoa tamko la kuyataka majeshi ya kigeni yaondoke. Uganda ilijitetea kwamba tamko lile liliwataja Wanyarwanda, na kwamba itifaki ya Aprili haikufutwa rasmi. Majaji walijibu kwamba ridhaa ya namna hiyo huondolewa wakati wowote, wala haihitaji utaratibu maalumu. Hata kama tamko la Julai lilikuwa na utata, kwenye mkutano wa Victoria Falls, Agosti 8, Kabila alizishutumu Rwanda na Uganda waziwazi kwa kuivamia nchi yake. Tangu siku hiyo, kwa vyovyote vile, mlango wa ridhaa ulikuwa umefungwa. Majeshi yetu hayakurudi nyuma, yakasonga mbele: Beni, Bunia, Kisangani, na mwaka uliofuata mpaka Gbadolite, kule alikozoea kukaa Mobutu, rais aliyeangushwa na Kabila, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Ikabaki hoja ya kujilinda, na hapa ndipo kesi ilipoamuliwa. Uganda iliwasilisha hati ya uongozi wa juu wa jeshi ya Septemba 11, 1998, inayoeleza kwa nini majeshi yabaki Kongo: kuinyima Sudan nafasi ya kuitumia ardhi ya Kongo dhidi yetu, kuwadhibiti waasi, kuzuia ombwe la utawala lisituletee madhara, kulinda maslahi halali ya usalama wa nchi. Ukiisoma kama mtu wa Kasese unaona kila neno lina mantiki. Majaji waliisoma wakaona kilichokosekana. Hati hiyo karibu haikutaja shambulio lolote lililokwisha kutokea. Ilikuwa inazungumzia mambo ya kuzuiwa, na Ibara ya 51 haikuandikwa kwa ajili ya kuzuia yale ambayo huenda yakatokea.

Kulikuwa na pengo kubwa zaidi. Uganda haikuweza kuthibitisha kwamba mashambulizi ya ADF yalifanywa kwa amri au kwa niaba ya serikali ya Kinshasa. Kuwepo kwa waasi katika ardhi ya nchi fulani hakuifanyi nchi hiyo kuwa ndiyo iliyokushambulia. Tena Uganda haikuwa imeliarifu Baraza la Usalama kwamba inajilinda. Na hata kama yote hayo yangekuwa sawa, mahakama iliongeza kwamba kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakulingani na kuzuia mashambulizi ya waasi wanaovuka mpaka. Binafsi naona hapo ndipo mtetezi yeyote wa Uganda angekwama, hata mbele ya majaji wenye huruma. Bwera, mji wetu wa mpakani, iko mbali mno na Gbadolite.

Hukumu ilitolewa Desemba 19, 2005. Kuhusu kuvunja katazo la matumizi ya nguvu, kura zilikuwa 16 dhidi ya moja, na aliyepinga alikuwa James Kateka, jaji Mtanzania ambaye Uganda ilimteua kwa ajili ya shauri hilo. Mahakama ilikuta pia kwamba Uganda iliikalia Ituri kimabavu. Ushahidi mmoja ulitoka mikononi mwetu: Juni 1999 Jenerali James Kazini, aliyekuwa akiongoza majeshi yetu Kongo, aliunda mkoa mpya wa Kibali-Ituri na kumteua gavana wake. Mgeni hateui gavana. Kuhusu dhahabu, almasi na maliasili nyingine, majaji hawakuona ushahidi kwamba wizi ulikuwa sera ya serikali ya Kampala. Walisema hata hivyo kwamba nchi inabeba dhambi za maofisa na askari wake, iwe imewatuma au la, na waliegemea sana ripoti ya tume iliyoundwa na Uganda yenyewe chini ya Jaji David Porter. Kongo nayo ilikutwa na kosa, kwa jinsi ubalozi wetu wa Kinshasa na watu wake walivyoshambuliwa.

Fidia ilichelewa. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Februari 9, 2022 mahakama ikaamua milioni 325: milioni 225 kwa watu waliouawa, kujeruhiwa na kudhulumiwa, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Zigawanywe mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022, na fungu la kwanza Uganda ililipa mwezi huo huo. Wanaouliza mbona Rwanda haikulipa ilhali ilikuwa kule kule, tena ikapigana na majeshi yetu katikati ya Kisangani kwa siku sita mwezi Juni 2000, jibu lake ni la kiutaratibu. Mahakama hiyo haimhukumu asiyekubali mamlaka yake, na mwaka 2006 ilitamka kwamba haina mamlaka ya kusikiliza shauri la Kongo dhidi ya Rwanda. Si kwamba Rwanda ilionekana haina hatia. Haikusikilizwa kabisa.

Sasa lile swali la steji linajibika. Novemba 16, 2021 mabomu mawili yalilipuka katikati ya Kampala, moja karibu na kituo kikuu cha polisi, jingine karibu na bunge. Novemba 30 majeshi ya Uganda yakaanza kuwapiga ADF ndani ya Kongo, katika operesheni iliyoitwa Shujaa, pamoja na jeshi la Kongo na kwa makubaliano na Kinshasa. Adui ni yule yule, misitu ni ile ile, na uchungu ni ule ule, kama tulivyouona tena Juni 2023 wanafunzi walipouawa usiku katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe. Tofauti ya kisheria ni idhini ya serikali ya Kongo. Ikiondolewa kesho, hata kwa hotuba tu, tunarudi pale pale tulipokuwa Agosti 8, 1998. Na idhini haifuniki kila kitu: askari aliyealikwa akipora au akiua raia, nchi yake inawajibika.

Ndivyo ilivyokuwa pia Sudan Kusini, Desemba 2013, Rais Salva Kiir alipoyaita majeshi yetu. Somalia tulikuwa na milango miwili kwa pamoja, kwa sababu kikosi cha Umoja wa Afrika, ambamo askari wa Uganda walikuwa wa kwanza kufika Machi 2007, kilikuwa na ridhaa ya serikali ya mpito na azimio la Baraza la Usalama namba 1744. Tazama upande wa pili, Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, miji iliyoangukia mikononi mwa waasi wa M23. Rwanda ilisema inachukua hatua za kujihami dhidi ya wapiganaji wa FDLR, waasi wa Rwanda walioko Kongo, hoja inayofanana mno na ile tuliyoipeleka sisi The Hague. Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2773 la Februari 2025, liliitaka iache kuisaidia M23 na iondoe majeshi yake.

Amin, Nyerere na swali gumu

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Mutukula, yakaiingia Kagera, yakaua, yakapora ng'ombe na mali, na Amin akatangaza kwamba eneo lote hadi mto Kagera sasa ni la Uganda. Hakuna mwanasheria anayebishana hapo. Ule ulikuwa uchokozi mtupu, na Tanzania ilikuwa na haki kamili ya kujibu. Nyerere alipowaambia Watanzania kwamba uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo na nia ipo, alikuwa ndani ya Ibara ya 51.

Ugumu unaanza baadaye. Katikati ya Novemba Amin alisema anaondoa majeshi yake. Tanzania ilikomboa ardhi yake, kisha Januari 1979 ikaingia Mutukula upande wa Uganda, Februari Masaka ikaanguka, na Aprili 11 Kampala. Je, kujilinda kunafika mpaka ikulu ya aliyekushambulia? Hoja ya Tanzania ilikuwa kwamba kulikuwa na vita viwili: cha Watanzania kumfukuza mvamizi na kuhakikisha harudii, na cha watu wa Uganda wenyewe, waliokuwa uhamishoni, kumng'oa dikteta. Kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979, Sudan na Nigeria ziliilaumu Tanzania kwa kuangusha serikali ya nchi nyingine. Rais Godfrey Binaisa aliitetea kwa nguvu zote. Hakuna mahakama iliyowahi kulisikiliza shauri hilo.

Mimi naamini kuondoka kwa Amin kuliokoa maisha ya watu wengi, na sioni aibu kusema hivyo. Lakini hilo si jibu la kisheria. Jibu la kisheria linategemea kama unakubali kwamba Amin, akiwa na silaha na askari wa Libya pembeni yake, alikuwa bado hatari ya kweli kwa Kagera. Ukikubali, kumfuata kunaweza kuingia ndani ya kujilinda, ingawa kwa kubanana. Ukikataa, mpaka wa haki ulikuwa Mutukula. Hoja kwamba Amin alikuwa muuaji, peke yake, haitoshi, na sababu yake inaonekana upande mwingine wa dunia miezi ile ile. Januari 1979 Vietnam iliwaondoa kwa nguvu Khmer Rouge wa Kambodia, utawala ulioua watu wake kwa wingi wa kutisha. Dunia haikupiga makofi. Kiti cha Kambodia katika Umoja wa Mataifa kilibaki kwa miaka mingi mikononi mwa waliopinduliwa, huku serikali mpya ya Kampala ikitambuliwa karibu bila ubishi. Sheria moja, mapokezi mawili. Siasa ndiyo iliyoamua, na mtu anayewaambia wasomaji kwamba siasa haimo katika mambo haya anawadanganya.

Entebbe nayo hukumbukwa mara nyingi. Julai 4, 1976 makomandoo wa Israel walitua uwanjani bila ruhusa, wakawaokoa mateka wa ndege ya Air France na kuwaua askari wetu kadhaa. Israel ilidai haki ya kuwaokoa raia wake pale ambapo mwenye nchi hataki au anashirikiana na watekaji. Nchi za Afrika zilisema mipaka ya Uganda imevunjwa, na Katibu Mkuu Kurt Waldheim alisema vivyo hivyo. Baraza la Usalama lilijadili, likashindwa kupitisha azimio lolote, na mpaka leo hoja ya kuwaokoa raia inaishi bila kukubaliwa wala kuzikwa.

Mwenyekiti mwenye upendeleo

Ruhusa ya Baraza la Usalama ndiyo mlango safi kuliko yote kwenye karatasi, na mgumu kuliko yote katika maisha. Baraza lina wanachama 15. Zinahitajika kura tisa, na hakuna hata mmoja kati ya wale watano wa kudumu, yaani Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, anayepaswa kupinga. Wakikubaliana, mambo yanakwenda. Iraq ilipoimeza Kuwait Agosti 1990, azimio namba 678 liliruhusu njia zote za lazima kuitoa. Machi 2011 azimio namba 1973 liliruhusu raia wa Libya walindwe, na nchi tatu za Afrika zilizokuwa barazani wakati huo, Nigeria, Gabon na Afrika Kusini, zililipigia kura. Operesheni ile iligeuka kuwa ya kumwondoa Gaddafi. Nadhani hasara yake haikuishia Libya, kwa kuwa tangu hapo ruhusa za namna ile zimekuwa adimu sana, hata palipo na raia wanaochinjwa kweli.

Iraq mwaka 2003 ni kesi nyingine. Marekani na Uingereza zilidai maazimio ya zamani, pamoja na lile namba 1441 la mwaka 2002, yalitosha. Wanasheria wengi wa kimataifa walikataa, na mwaka 2004 Katibu Mkuu Kofi Annan alisema wazi kwamba vita ile haikuwa halali. Mbona Marekani hailipi, basi? Kwa sababu hakuna mahakama ambayo Iraq ingeweza kuipeleka bila Marekani kukubali, na katika Baraza la Usalama Marekani ina kura ya turufu, yaani uwezo wa kuzuia azimio peke yake. Hilo ni dhuluma, na halifichiki. Uganda ilihukumiwa kwa kuwa ilikubali mamlaka ya mahakama, na hilo naliona kuwa heshima kwa nchi yetu, hata kama linatuuma mfukoni.

Wapo wanaomaliza mjadala hapo kwa kusema sheria hii haipo, mwenye nguvu mpishe. Siwezi kukubaliana nao. Iraq yenyewe ililipa dola bilioni 52.4 kwa walioumizwa na uvamizi wake wa Kuwait, malipo ya mwisho yakatoka Januari 2022. Vladimir Putin, siku anaivamia Ukraine Februari 24, 2022, alijisumbua kuitaja Ibara ya 51. Hata mvamizi mwenye silaha za nyuklia anajua kwamba lazima aseme anajilinda. Machi 2 nchi 141 zilipiga kura katika Baraza Kuu kupinga uvamizi huo. Tano ziliuunga mkono, na 35 hazikuegemea upande wowote, Uganda ikiwa mojawapo, pamoja na Tanzania. Kenya, Rwanda na Kongo zilipiga kura ya kupinga. Naona tulikosea. Nchi ndogo iliyozungukwa na mipaka iliyochorwa na wakoloni ina haja na katazo hili kuliko Urusi au Marekani.

Kuhusu mauaji ya halaiki: je, tusubiri Baraza likubaliane huku watu wakiisha? NATO ilipoipiga Serbia mwaka 1999 kwa ajili ya Kosovo haikuwa na ruhusa, na mpaka sasa wengi husema kitendo kile kilikuwa na uhalali wa kiutu bila uhalali wa kisheria. Mwaka 2005 viongozi wa dunia walikubaliana kwamba kuna wajibu wa kuwalinda watu dhidi ya mauaji ya kimbari, ila nguvu itumike kupitia Baraza la Usalama. Afrika ilikwenda mbali zaidi. Sheria ya kuanzisha Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Lomé Julai 2000, miaka sita baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, inaupa Umoja huo katika Ibara ya 4(h) haki ya kuingilia nchi mwanachama penye uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Haki ni ya Umoja, si ya nchi moja moja. Ilikaribia kutumika Desemba 2015, walipopangwa askari 5,000 wa kwenda Burundi. Serikali ya Bujumbura ikakataa, na mwezi uliofuata wakuu wa nchi wakarudi nyuma.

Kosa jingine la kawaida ni kudhani kwamba aliyeingia vitani kwa haki anaruhusiwa lolote. Sheria ya kuingia vitani na sheria ya mwenendo ndani ya vita ni mbili tofauti. Mikataba ya Geneva ya 1949 inamlinda raia, mfungwa na majeruhi bila kujali nani alianza. Anayejilinda anafungwa nayo sawasawa na mvamizi.

Na viongozi, je, wanaponea kwa kuwa walipa kodi ndio wanaotoa fidia? Kanuni ya kuwashtaki ilipitishwa hapa hapa kwetu. Mei na Juni 2010 nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilikutana Munyonyo, pembeni ya Ziwa Victoria, zikakubaliana maana ya kosa la uchokozi. Haligusi askari wa kawaida, bali mtu mwenye mamlaka ya kweli ya kuongoza siasa au jeshi la nchi, aliyepanga au kuanzisha kitendo kinachouvunja Mkataba wa Umoja wa Mataifa bila shaka yoyote. Mahakama ilipewa uwezo wa kulisikiliza kosa hilo tangu Julai 17, 2018. Ila nchi ambazo si wanachama ziliwekwa nje, isipokuwa Baraza la Usalama likipeleka shauri lenyewe, na hapo turufu inarudi. Ndiyo maana hati ya kumkamata Putin iliyotolewa Machi 2023 inahusu watoto wa Ukraine waliohamishiwa Urusi, wala haisemi lolote kuhusu uvamizi wenyewe. Hadi leo mahakama hiyo haijamtia hatiani mtu yeyote kwa kosa lililoandikwa Munyonyo.